Mama mkwe kabisha hodi, nami nikamjibu vibaya

Ndugu zangu, leo nimemfukuza mama mkwe mlangoni, na Mungu shahidi sikukusudia.

Mnaujua ule mchezo wa bunduki ninaocheza kwenye simu na watu nisiowajua. (Msinicheke, umri wangu naujua.)

Mchana nilikuwa sebuleni na hedifoni masikioni. Adui amebaki mmoja, kajibanza nyuma ya mlango. Nikapaza sauti:

"Usiingie! Ukiingia tu, nakumaliza!"

Nikashinda. Nikavua hedifoni, nikafungua mlango huku nacheka.

Kizingitini pana kikapu cha korosho. Mama mkwe, aliyetoka Nyangamara alfajiri, huyoo anarudi stendi.

Nilikimbia peku.

"Mama, nisamehe, nilikuwa kwenye mchezo! Sikukusikia!"

"Baba, nimebisha hodi mara tatu, kama dini inavyotaka. Ya tatu ukanijibu."

Alhamdulillahi, amekubali kurudi. Ila tulipofika akasimama nje, akaniacha nitangulie ndani. Kisha, taratibu kabisa:

"Hodi?"

"Karibu, mama."

Mchezo nimeshaufuta. Sasa yuko jikoni na binti yake, nasikia vicheko, nami nimejificha chumbani.

Nyie mngeanzia wapi kumtazama usoni?