Posa ya Chumba cha Tiba

Kinachokosekana ni kicheko. Bembea ipo, magodoro yapo, mipira mikubwa ya mazoezi imejipanga ukutani kama matikiti sokoni, watoto wanaingia na kutoka. Lakini kicheko cha Joha Makame, kilichokuwa kikiingia mlangoni kabla ya mwenyewe, hakipo. Hudson anasema sasa ndiyo amegundua kwamba kiyoyozi cha chumba kile kinakoroma. Miaka yote aliyofanya kazi humo hakuwahi kukisikia.

Hudson ni Mganda wa Masaka, mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika shule moja ya kulipia mjini Dubai. Kazi yake ni kuwasaidia watoto ambao miguu na mikono haiwatii: watembee, wapande ngazi, wakae wima. Joha, mama wa Kizanzibari mwenye umri wa kumwita Hudson mwanangu, alishughulika na mambo madogo ambayo ndiyo maisha yenyewe: kushika kalamu, kufunga kifungo, kula bila kumwaga. Irene, binti wa Nakuru, alifanya kazi kama ya Joha kwa watoto wa chekechea. Wote watatu waligawana chumba kimoja cha chini, mwisho wa korido, chenye dirisha la kutazama bustani.

Wakati wa mahafali shule ilileta viti vya plastiki, ikaviweka humo kwa siku chache. Mahafali yakaisha, viti vikabaki. Watu wa tiba wakahamishiwa chini ya ngazi, kando ya mashine ya maji ya kunywa, mahali ambapo shule nzima hupita ikiwa na kiu.

Hapo ndipo Hamida alipogoma. Alikuwa msichana wa miaka tisa, na chumbani alikwisha kuanza kuacha magongo. Chini ya ngazi alikaa sakafuni, akamwambia Hudson kwamba atatembea watu wakiisha kupita. Watu hawakuisha kupita. Wiki baada ya wiki Hudson aliiona ile miguu, aliyoibembeleza mwaka mzima, ikirudi kuwa mizito. Kisha zikaja habari kwamba viti vitaondolewa kweli, ila chumba kitageuzwa mkahawa wa wazazi.

Wakakutana kwa Joha, mtaa wa Karama, katika chumba alichopanga pamoja na Irene.

"Aki hii ingekuwa nyumbani," Irene alisema, "watu wa chama cha wafanyakazi wangekuwa wameshafika kwa mkuu wa shule."

"Hapa hakuna chama, nyabo," Hudson akamjibu. "Hapa kuna wewe na kafeel wako, mwenye viza yako mkononi. Anayeinua mkono ndiye anayeonekana."

Joha alikuwa akikanda unga. Aliacha mikono ndani ya beseni, akawatazama.

"Basi tumpeleke mshenga."

"Mshenga? Nani anaoa?"

"Nisikilizeni, wanangu. Mshenga hajiombei chochote. Anakwenda na neno la mwingine. Akikubaliwa, heri. Akikataliwa, hakuna aliyekataliwa usoni, na hakuna wa kuchukiwa. Hebu niambieni, hicho chama chenu kinafanya nini zaidi ya hayo?"

Hudson alijaribu kueleza kwamba kwao Buganda posa haipelekwi na mtu mmoja. Unakwenda ukoo mzima, na mbuzi, na makreti ya soda.

"Nenda na ukoo wako mzima hapa," Joha alimwambia, "uone kama hamkurudishwa Entebbe kwa ndege moja. Mie nnakwenda peke yangu. Wewe utanibebea halwa, na mdomo wako ubaki kwa Irene."

Hudson alivaa kanzu nyeupe na koti juu, kama anayekwenda ukweni. Swaibu, mlinzi wa getini na Mganda mwenzake, alimpigia saluti.

"Unaoa leo, ssebo?"

"Naoa chumba."

"Banange! Dubai imekumaliza."

Madam Lamees, mkuu wa shule, alikuwa mama wa Kijordani aliyevaa miwani yenye mnyororo. Aliitazama halwa, akaitazama kanzu, akavua miwani.

"Madam, tumekuja na jambo la heri," Joha alianza, kwa Kiingereza chake chenye viraka vya Kiarabu. "Tuna kijana wetu. Mchapakazi, hana makuu, hachagui chakula. Amemwona binti nyumbani kwako, amempenda. Tunaomba tupewe."

"Binti gani? Mimi nimezaa wavulana watupu."

"Yule wa chini, mwisho wa korido. Mwenye dirisha la bustani. Siku hizi amebebeshwa viti, maskini, mgongo unamuuma."

Midomo ya Madam ilitikisika kidogo, halafu akaibana.

"Na huyo kijana wenu anaitwa nani?"

"Anaitwa Tiba, Madam. Mimi ni mshenga tu."

Madam Lamees akafungua boksi, akakata kipande cha halwa, akala bila haraka.

"Posa nzuri. Bahati mbaya umechelewa. Binti kaposwa. Mkahawa umekutangulieni, na mimi nimeshaitikia."

Hudson alimgeukia Joha asikie jibu, na jibu halikuja. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane alimwona mama yule amekwama. Hakujua kwamba dini ya Joha inamkataza mtu kumposa aliyekwisha kuposwa na mwenzake, na kwamba Joha, aliyeozesha nusu ya Wazanzibari wa Karama, hakuwahi kulivunja katazo hilo hata kwa mzaha. Mchezo aliuchagua mwenyewe, na sasa umemfunga. Alianza kukusanya mtandio wake ili ainuke.

Akilini Hudson akamwona Hamida amekaa sakafuni chini ya ngazi, na mdomo aliouacha kwa Irene ukamrudia.

"Lakini Madam, sisi tumeshaishi naye! Miaka mitatu!"

Joha aligeuza shingo polepole. Hudson alidhani anauawa. Badala yake kile kicheko kilitoka, kikajaza ofisi hadi kwenye mapazia.

"Mungu akupe umri, mwanangu! Madam, umemsikia? Tumeishi naye mchana kweupe, kwa idhini yako wewe mlezi wake. Hiyo ni ndoa. Ulimchukua apumzike kwenu siku chache za mahafali, na sisi hatukutoa talaka. Sasa niambie wewe, mke wa mtu anaposwaje?"

Madam Lamees alicheka mpaka akajipangusa macho kwa ncha ya hijabu. Halafu akaacha kucheka.

"Khalas. Sasa niambieni bila posa. Nani anaumia?"

"Hilo si la mshenga," Joha alisema. "Mwambie, Hudson."

Hudson akamweleza habari za Hamida, vibaya, akijikwaa, mikono ikisema zaidi ya mdomo. Madam alisimama, akateremka nao. Chini ya ngazi wakamkuta Irene amepiga magoti mbele ya mtoto anayejifunza kuvaa kiatu, na nyuma yao foleni ya wenye kiu, mmoja akimwiga yule mtoto na wenzake wakicheka. Madam Lamees alisimama pale kitambo, mikono nyuma.

Viti viliondoka kabla ya adhuhuri. Mkahawa ukapewa kona ya mapokezi. Wiki ile Hamida alitoka mlangoni mpaka dirishani bila magongo, akashika kizingiti, akageuka na kudai asifiwe.

Muhula uliofuata Madam Lamees alimwita Joha, akamwambia mtu mwenye ulimi ule haachwi kwenye vifungo vya mashati. Alimtaka awe mkuu wa kitengo. Joha alikataa, akaitwa tena, akakubali. Kiti kile, aliwaambia wenzake, kitakaliwa tu. Afadhali akikalie aliyewahi kufanya kazi chini ya ngazi.

"Wametuibia mshenga," Irene alilalamika.

"Hawakumwiba," Hudson alisema. "Wamemwoa."

Mwezi uliopita walitaka wapunguziwe zamu za kusimamia mabasi, ambazo zinawalia saa ya kwanza ya tiba. Wa kutumwa akawa Hudson. Alipanda na kanzu yake, akagonga, akaongea kwa adabu zote alizofundishwa. Joha alimsikiliza, akamkaribisha chai, akasema atalifikisha. Bado wanasubiri.

Joha Makame sasa ni mkuu wa kitengo cha tiba. Ofisi yake iko ghorofa ya pili, mkabala na ya Madam Lamees, na yumo humo Jumatatu hadi Ijumaa.