Nilikwenda kuumbua sakafu ya "Warumi" njia ya Kabambare, nikamuumbua mama wa watu

Wakuu, salamu zenu popote mlipo. Nawaandikia kutoka Kasongo, Maniema, huku Kongo.

Haya nimeyaona kwa macho yangu, na sehemu mbaya kuliko zote nimeifanya mimi mwenyewe. Kwa hiyo sina sababu ya kuongeza chumvi.

Mimi ni mwalimu wa historia, watu huniita Prof. Ni mtu wa kushuku tangu utoto. Mke wangu husema hata chai ikiletwa mapema nitauliza kwa nini imewahi.

Basi, kuna kijana wa hapa mjini, Asumani, aliyeanzisha matembezi ya siku moja kwa vikundi. Akatangaza: twendeni shambani njia ya Kabambare, kuna sakafu ya mawe ya rangi iliyotengenezwa na Warumi wa kale, kisha tutakula chakula cha shamba.

Warumi? Maniema?

Nikajiandikisha siku hiyohiyo. Si kwa kupenda matembezi, nilitaka kumkamata muongo mbele ya watu.

Tuliondoka asubuhi, watu wanane, pikipiki nne. Barabara mnaijua au mmeisikia: matope, madaraja ya magogo, unashuka unasukuma. Tulipopumzika, Asumani akatueleza habari za mwenyeji wetu, Mama Feza.

Ni mjane. Mumewe alifariki miaka miwili iliyopita, aliugua tumbo siku chache tu. Wakwe wakasema amemtilia sumu. Hakuna aliyethibitisha, lakini tangu hapo hakuna jirani aliyetia mkono kwenye sahani yake. Mazao yake hayanunuliwi, na wakwe wanataka aondoke shambani.

"Anataka majirani waone watu wanakula kwake," Asumani akasema. "Njo maana alikubali tukuje."

Wenzangu walisikitika. Mimi? Nikajiambia huyu anatulainisha ili tusimuulize kuhusu Warumi. Eti ndivyo nilivyofikiri, wakuu.

Tukafika saa sita. Mama Feza mwembamba, kitenge kimepigwa pasi, anacheka huku akitukaribisha. Uani masufuria yanafuka: wali, sombe ya majani ya muhogo, kuku wa mawese. Na kwenye ua wa miti wamesimama majirani kina mama kama watano hivi, wanatazama. Mmoja alikuwa ameshaingia ndani kusaidia kunawisha wageni mikono. Asumani akaninong'oneza kwamba huyo hakuwa amekanyaga hapo tangu msiba.

Sakafu ilikuwa barazani. Nitasema kweli, ilikuwa nzuri. Samaki wawili na ndege, vyote kwa vipande vya sahani za buluu na nyeupe, matofali mekundu na mawe meupe.

Asumani akaanza: "Hii iko na miaka elfu mbili..."

Wenzangu walipoitwa kula, mimi nikabaki nimepiga magoti, nakwangua kwa ufunguo. Saruji ya juzijuzi! Nikang'oa hata kipande kimoja, nyuma yake kuna muhuri wa kiwanda. Furaha niliyoipata ni ya kishetani kabisa.

Nikarudi uani na ushahidi mfukoni, nikaketi, nikapakuliwa. Wengine walikuwa ndio wanamega.

Sasa, kwa msiojua desturi yetu: mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya wageni. Anachota kidogo kila sufuria, anameza, ndipo anasema karibuni. Kwa mtu kama Mama Feza hiyo si adabu tu, ni kiapo.

Na mimi sikumwona akionja.

Nikaisukuma sahani. Nikasema kwa sauti ya darasani: "Mama, mbona haujaonja?"

Mikono yote ikasimama.

Asumani akanijibu kwa hasira: "Alisha kuonja, Prof! Yote, moja moja. Weye ulikuwa kule unakwangua sakafu ya bwana yake!"

Wenzangu wakaitikia kwamba kweli ameonja, wote wamemwona. Lakini wale majirani wa kwenye ua wa miti hawakusikia hayo. Waliona mwalimu kutoka mjini anasukuma sahani. Hata jirani aliyekuwa akinawisha mikono akaweka beseni chini taratibu, akatoka bila kuaga. Wengine wakamfuata.

Nikavuta sahani, nikaanza kula harakaharaka, tonge juu ya tonge. Mama Feza akaja akainyanyua mbele yangu.

"Wacha, mwalimu. Usijilazimishe."

Aibu ile siwezi kuielezea.

Njiani Asumani akaniambia yaliyobaki. Marehemu alikuwa mwashi. Aliona picha ya sakafu ya Warumi kwenye kitabu cha shule, akapenda. Miaka mingi alikuwa akiokota vigae vya sahani za zamani vinavyofukuliwa na mvua mashambani, akamtengenezea mkewe ile baraza. Mambo ya miaka elfu mbili aliyabuni Asumani ili watu waje. Mama Feza hakuwahi kusema uongo wowote.

Kipande bado ninacho. Wiki iliyopita nilimtuma Asumani aombe radhi, aseme nataka kurudi na mke wangu na watoto, tule mchana kweupe mbele ya kijiji kizima.

Jibu la Mama Feza lililorudi: "Mumwambie mwalimu, chakula iko. Lakini wale majirani walishaona yenye walitaka kuona."

Nilichojifunza ni kwamba kushuku kunaweza kukufanya uwe sahihi kwa jambo dogo na upofuke kwa kubwa. Nilikuwa sahihi kuhusu Warumi. Imenisaidia nini?

Asumani anasema wakwe wameshamwita mkuu wa kijiji amwondoe shambani, na ushahidi wao mpya ni mimi.

Nakwenda Jumamosi, anikaribishe asinikaribishe. Aliyewahi kumharibia mtu jina hadharani, alilirudishaje? Semeni wakuu. Hata wa kutukana mnakaribishwa, nimestahili.