Mashapo Meupe ya Mama Queen

Tsss. Tsss. Tsss. Hiyo ndiyo sauti ya kwanza ambayo Yuliana anakumbuka kuisikiliza kwa makusudi. Alikuwa na miaka sita, huko Lupaso, na bibi yake alikuwa amemshika kisogo na kumbandika sikio kwenye tumbo la mtungi. Ndani ya lile giza la udongo, maji ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, yalikuwa yanahema.

"Unamsikia?" bibi akauliza. "Huyo ni mzima bado. Akinyamaza, muache atulie. Akitulia, teka juu. Chini usiguse."

Maneno hayo machache yakawa shule yake. Yuliana alikua, akaolewa Newala, akamzaa Queen, akafiwa na mume, na miaka yote hiyo kila mabibo yalipoanza kuanguka alikamua, akachuja kwa kung'uto, akafunika mitungi kwa kitambaa na kukaza kwa mpira wa baiskeli. Uraka wake, pombe hiyo ya mabibo, ulisifiwa mpaka Tandahimba. Haukuwa mkali kuliko wa wengine, lakini ulikuwa mwangavu. Ukiuweka kwenye glasi unaona vidole vyako upande wa pili. Wapishi wengine walikoroga ili kinywaji kionekane kingi. Yuliana hakukoroga kamwe. Mashapo, yale mazito meupe yanayokaa chini ya mtungi, aliwamwagia kuku.

Alipougua sukari, akiwa na miaka hamsini, alikubali kwa utulivu uleule. Mwanzoni alipewa vidonge, baada ya mwaka vidonge vikashindwa, akaandikiwa sindano ya insulini asubuhi na jioni. Watu wengi huogopa sindano, lakini yeye hakuiogopa. Kichupa cha dawa alikihifadhi kwenye chungu kidogo ndani ya mchanga wenye unyevunyevu, kwa sababu nyumba haina friji, na hakuruka siku hata moja. Hata hivyo sukari haikushuka. Macho yalianza kuona ukungu, kiu ikawa haikatiki, na kwenye mguu wa kushoto, vidole viwili vya mwanzo vikapata kidonda kilichokataa kufunga.

Katikati ya Oktoba, muuguzi wa kliniki ya sukari, Faidha, alimpima na kipimo kikasoma kumi na tisa, wakati lengo ni chini ya nane.

"Mama Queen, samahani nikuulize kama mtoto wako," Faidha alisema. "Unajichoma kweli?"

"Najichoma."

"Kila siku?"

"Mwanangu, mimi siyo mtu wa kudanganya kuhusu vipimo. Uliza wanywaji wangu."

Daktari naye akaukagua mguu, akaubonyeza hapa na pale, akaandika kwa muda mrefu. Alisema atasubiri wiki nne. Sukari isiposhuka mpaka kliniki ya Novemba, vidole vile viwili vitaondolewa ili mguu upone. Yuliana aliitikia "sawa", akaondoka, na njia nzima alitembea akihesabu: ndoo ishirini za mabibo kwa siku, kutoka shambani mpaka jikoni, kwa miguu. Mpishi wa uraka ni mikono na miguu. Ulimi si kitu, ulimi unaweza kuuazima.

Jumamosi iliyofuata, bintiye Queen aliwasili kutoka Masasi, ambako alikuwa amepata kazi ya kufundisha baiolojia. Alishuka kwenye bodaboda akiwa ameshika daftari kifuani, na kabla hata hajaweka begi chini alikuwa ameshaanza kuongea.

"Shikamoo Mama. Jumatatu nafundisha uhandisi jeni. Mada yangu ya kwanza nzito. Sijalala siku mbili."

"Marahaba. Mimi najua uhandisi wa mabibo tu. Sogea, unanizibia mwanga."

Queen alisogea, lakini hakunyamaza. Alisomeshwa mambo haya yote kwa Kiingereza, na hakuwahi kuyatamka kwa lugha anayoongea na mama yake. Sasa alitaka kujaribu, aone kama anayaelewa kweli au ameyakariri tu. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na mama yake akaendelea kukamua.

"Ndani ya kila chembe hai, Mama, yako, ya kuku, ya mkorosho, kuna uzi mwembamba sana wenye maagizo. Ndiyo DNA. Kipande kimoja cha uzi ni agizo moja: hiki kinaagiza rangi ya macho, hiki kinaagiza kitu kingine. Kipande hicho ndicho jeni."

"Haya."

"Wewe agizo la kutengeneza insulini unalo, lakini kongosho lako limechoka kulitekeleza. Sasa wataalamu walifikiri: kwa nini tusimpe agizo hilo mfanyakazi mwingine?" Akainama, akakichomoa kikaratasi kilichokunjwa kwenye boksi la dawa ya mama yake, akakikunjua. Macho yakamtoka. "Imeandikwa hapa. Hii yako imetengenezwa na hamira."

Mikono ya Yuliana ilisimama juu ya kung'uto. "Hamira ipi?"

"Hamira, Mama. Ile ya maandazi, au ndugu yake wa karibu."

"Hamira ndiyo inayochachusha uraka wangu."

"Ukoo huohuo."

Yuliana alijifuta mikono kwenye khanga, akavuta kigoda. Kwa mara ya kwanza tangu mabibo yaanze kuanguka mwaka huo, alikaa kabla kazi haijaisha. "Rudia," alisema. "Polepole. Na usiniruke."

Queen akatafuta cha kuonyeshea. Alichukua mpira wa baiskeli uliokuwa umekaza kitambaa kwenye mtungi mdogo, na mkasi.

"Mpira wangu huo."

"Nitakununulia. Tazama. Hamira ina viduara vya maagizo kama huu mpira. Wanaukata." Akaukata. "Mkasi wao ni vimeng'enya, vitu vinavyokata uzi mahali maalumu, havikosei. Kisha wanachukua agizo la insulini la binadamu." Akachana kipande cha kitambaa chekundu. "Wanaliingiza kwenye pengo, wanaunganisha huku na huku. Duara limerudi kuwa duara, ila sasa ndani yake kuna neno la mtu. Wanalirudisha kwenye hamira."

"Na hamira haishtuki?"

"Hamira haisomi jina la mwenye agizo. Inatii tu. Na ikizaa, wanawe wote wanazaliwa na agizo hilohilo."

Yuliana aliupokea ule mpira wenye kiraka chekundu, akauzungusha kidoleni. Kilichomshika hakikuwa mkasi wala uzi. Kilichomshika ni kwamba mahali fulani duniani kuna mpishi kama yeye. Maswali yakaanza kumtoka yakigombea mlango. Wanailisha nini? Sukari, Queen alijibu, na vyakula vingine. Mitungi yao ni mikubwa kiasi gani? Mingine inaizidi nyumba hii, na ni ya chuma. Wanajuaje imeiva? Wanapima. Wanafanyaje isipate joto? Wanaipoza, usiku na mchana.

"Kwa hiyo wanapika pombe," Yuliana alisema, "na badala ya kilevi wanapata dawa yangu."

"Ungekuwa darasani kwangu ningekupa alama zote."

"Na ikishaiva wanaichuja?"

"Wanaichuja na kuisafisha mara nyingi mno. Mwisho inabaki insulini peke yake. Haibaki hata chembe ya hamira."

Hapo Yuliana aliinamisha kichwa upande. Ni ishara ambayo wanywaji wake wanaijua, anapoonja kitu na ulimi ukagoma. Akauliza taratibu, "Hata chembe?"

"Hata moja."

"Sasa yale mashapo meupe yanayokaa chini ya chupa ni ya nini?"

Queen hakuelewa. Mama yake akaenda kwenye chungu cha mchanga, akarudi na kichupa amekibeba wima kwa vidole viwili, kama mtu aliyebeba kinda la ndege. Juu kulikuwa na maji maangavu. Chini kulikuwa na unga mweupe. Akamwonyesha bintiye anavyofanya, na alionyesha kwa fahari, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha. Kichupa hukaa bila kuguswa. Saa ya sindano ikifika unakilaza kidogo kidogo, kama unavyoinamisha mtungi, unachomeka sindano kwenye kizibo cha mpira, upande wa juu, unavuta yale maangavu. Unga ukianza kusogea, unaacha. Theluthi ya chini ikibaki, chupa unaitupa.

"Tangu lini?" Queen aliuliza.

"Tangu mwanzo. Miezi minane."

Queen alifunika mdomo kwa daftari. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Kisha akapiga simu kliniki, akaiweka kwa sauti ya juu.

"Shikamoo Mama Queen," sauti ya Faidha ilisema baada ya kuelezwa, na ilikuwa sauti ya mtu aliyekaa chini ghafla. "Nilikwambia siku ya kwanza uivingirishe viganjani mara ishirini mpaka iwe nyeupe yote."

"Marahaba. Ulisema."

"Ukafanya nini?"

"Nikajisemea, huyu binti ni mzuri ila pombe haijui."

Upande wa pili watu wawili watatu walicheka. Faidha akaeleza, safari hii bila haraka. Yale maji ya juu ni insulini ya haraka. Inafanya kazi ya saa chache na kuondoka. Ule unga nao ni insulini, iliyofungwa na kitu kinachoifanya iyeyuke polepole, ikulinde usiku na mchana. Mama Queen alikuwa anaitumia ya haraka na kuitupa ya kudumu. Chupa hiyo aliyoipunguza juu asiiguse tena, maana sasa imebaki nzito kupita kiasi. Aende mara moja, apewe mpya, na akae wodini siku mbili apimwe wakati dawa kamili inaingia mwilini, isije ikamshusha sukari kwa kishindo.

Walikwenda mchana uleule. Wodini, Faidha alimpa kichupa kipya, akamsimamia. Yuliana alikiweka katikati ya viganja. Mikono ambayo kwa miaka arobaini na sita haikuwahi kukoroga ilikataa kwanza. Kisha ikaanza: moja, mbili, tatu. Unga ukapanda kama vumbi la barabara gari likipita. Kufika kumi na tano kichupa kilikuwa cheupe kama tui.

"Sasa ndiyo dawa," Faidha alisema.

"Inatisha," Yuliana alisema, akachoma.

Asubuhi iliyofuata wodini hakuamka kwa kiu. Alilala macho wazi akisubiri kiu ije, kama unavyomsubiri mgeni mkorofi, na haikuja. Kipimo kilisoma kumi na mbili. Queen, aliyetakiwa kurudi Masasi alfajiri ile, alipiga picha kile kinamba na kumtumia kila mtu anayemjua, na Jumatatu akasimama mbele ya darasa na mpira wa baiskeli wenye kiraka chekundu. Baadaye alimpigia mama yake kumwambia kwamba mwanafunzi mmoja aliuliza swali lilelile: hamira haishtuki?

Nyumbani, habari ilitangulia kufika. Jioni wanywaji walipokaa kwenye mabenchi, Dastani, fundi baiskeli ambaye mdomo wake hauna breki, ndiye aliyeanza.

"Tunasikia Mama Queen sasa unakunywa kwa sindano."

"Nakunywa. Na yangu haiyumbishi mtu."

"Hamira yenye neno la mtu ndani. Isije ikaanza kukudai shamba."

"Neno lenyewe nalijua tangu tumboni mwa mama yangu, nililisahau tu. Hamira ananikumbusha. Wewe anayekukumbusha kwenda nyumbani ni nani?"

Mabenchi yalicheka mpaka glasi zikagongana. Lakini Dastani akavuta benchi karibu, kwa maana dada yake huko Chiungutwa naye anajichoma, akamwomba aeleze tena, kwa kweli safari hii. Yuliana akaeleza. Alieleza kuhusu uzi, mkasi, duara na kiraka, kuhusu mitungi ya chuma inayoizidi nyumba, mpaka uraka wa watu ukapata joto mikononi. Alikuwa na uso wa mtu aliyegundua ana jamaa ng'ambo. Mwishoni akasisitiza jambo moja na kulirudia kama sala: "Mwambie dada yako asome kwanza chupa yake ni ya aina gani. Yenye unga inavingirishwa. Isiyo na unga ikiwa na ukungu, hiyo imeharibika. Asifanye kwa akili ya jikoni."

Wiki zikapita. Kumi na moja. Tisa na nusu. Tisa. Kidonda kikaanza kuwa na ukingo wa waridi, kisha ukingo ukaanza kusogea katikati, kila asubuhi kwa upana wa punje ya mtama. Ukungu wa macho ulipungua, na siku moja aliweza kutunga uzi kwenye sindano ya nguo bila kuomba msaada. Mabibo yalibebwa na majirani, naye akachuja akiwa amekaa, mguu juu ya kigoda, akitoa amri.

Siku ya kliniki ya Novemba, Queen aliomba ruhusa na kuja. Kipimo kilisoma saba na nusu. Faidha alikionyesha kwa wagonjwa wote waliokuwa kwenye foleni, na mtu asiyefahamika akapiga makofi. Daktari alifungua bandeji, akakibonyeza kidole cha kwanza, akakibonyeza cha pili, akauliza kama anahisi. Anahisi. Akauinua mguu kwenye mwanga wa dirisha, akaugeuza, akaurudisha chini.

"Vidole hivi sivigusi," alisema. "Endelea hivyohivyo."

Queen alitoka mbio kwenda barazani kupiga simu, na sauti yake ikasikika mpaka ndani, akimweleza mtu wa Masasi kuhusu hamira, vimeng'enya na mama yake, vyote kwa pumzi moja. Faidha akaenda kuita mgonjwa mwingine. Yuliana alibaki ameketi ukingoni mwa kitanda. Alivaa ndala polepole, akavipanga vile vidole viwili mahali pake, akaweka kiganja juu yake. Queen aliporudi akiwa bado anahema kwa furaha, akachuchumaa kumrekebishia khanga miguuni, mama yake aliinama mpaka sikioni kwake.

"Mwenzio," alinong'ona, "nilikuwa nimeshaviaga."