Tarehe ya Gizachew

Nusu ya waliozikwa hapa Dessie, Ethiopia, kwa miaka thelathini walisindikizwa na kazi ya mikono ya Gizachew. Kwetu maiti halazwi. Anayekata roho alfajiri, mchana yuko kanisani, na waombolezaji hulia wakiwa wameinua picha yake kubwa juu, wanaiita kwa jina, wanaigombeza, wanaiuliza watoto imemwachia nani. Kwa hiyo mmoja hukimbilia kwa padri na mwingine studio kwa Gizachew.

Sura za mji mzima alikuwa nazo kwenye kompyuta, zimepangwa mwaka kwa mwaka. Miaka yetu, lakini. Saa tunahesabu kama ninyi, ila mwaka wetu uko nyuma ya wa dunia kwa saba au nane, na Gizachew, siku aliponunua kompyuta ile, aliirudisha tarehe nyuma ilingane na kalenda ya ukutani. “Inakula umeme wa Dessie, itasoma tarehe ya Dessie,” alisema. Watu wakacheka, wakamsifu. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Kivinjari, ile programu ya kufungulia mtandao, hakikucheka. Kila tovuti aliyoifungua kilimwonya si salama, kwa kuwa hati zake za usalama zilitolewa mwaka ambao kwenye kompyuta ile haujafika. Na kwa sababu hiyo hiyo hakikuweza kujisasisha, kikabaki na matundu yake ya zamani. Gizachew alijifunza kitufe kimoja tu, “endelea hivyo hivyo”, na alikibonyeza bila hata kusoma, kama mtu afukuzavyo nzi.

Hirut, mwalimu wa kompyuta chuoni, alikuja kupigwa picha ya pasipoti akaliona onyo lile kwenye kioo.

“Gashe,” alimwita, kama tuwaitavyo wanaume wanaotuzidi umri, “hiki kivinjari kizee kuliko wanafunzi wangu. Niache niweke tarehe ya huko nje kijisasishe. Dakika kumi tu.”

“Halafu mafaili yangu yaseme harusi ya juzi imefungwa mwaka ambao mimi sijauona?”

“Kalenda yetu si ipo ukutani? Mwizi wa mtandaoni hakuulizi uko mwaka gani.”

“Aje aibe nini? Sura ya bibi yako?”

Yeshimebet, mkewe, alikuwa pembeni akikaanga buni. “Mwache mtoto wa watu afanye kazi. Kichwa chako wewe kinataka patasi.”

“Angalia buni zako zisiungue.”

“Zikiungua tutasikia harufu. Ukiungua wewe tutajuaje?”

Hirut alicheka mpaka akashika meza. “Usipoziba ufa, Gashe...”

“Nitajenga ukuta, najua. Nyoosha shingo nikupige.”

Kinyozi hajinyoi. Gizachew na Yeshimebet walioana mwaka wa vita, mjini hakuna filamu ya kamera hata moja. Baadaye kila lenzi mpya na kila taa mpya aliijaribu usoni mwa mkewe: ana unga mikononi, anacheka, amenuna, amesinzia. Zilikuwa mamia, na hakuchapisha hata moja.

“Nitakuchapishia kubwa siku ya maana,” alimwambia.

“Siku gani hiyo?”

“Utaiona.”

Wiki moja baada ya sikukuu ya Msalaba alikuwa akitafuta mtandaoni maua ya bure ya kupambia kadi za kumbukumbu. Onyo likatokea. Akaendelea hivyo hivyo. Kesho yake asubuhi hakuna picha iliyofunguka; palikuwa na ukurasa mwekundu tu, watu asiowajua wakimtaka alipe ndipo wamfungulie. Diski ya akiba aliiacha imechomekwa palepale, nayo ikafungwa. Hirut alikuja, akahangaika siku nzima, akasema, “Waliingilia kwenye kivinjari, Gashe.” Hakuongeza kwamba alimwonya, na hilo ndilo lililomkata Gizachew maini.

Yeshimebet alimwekea kikombe cha kahawa mezani. “Inuka. Mimi si nipo? Nipige nyingine.”

“Kesho.”

Alisema kesho kwa wiki sita. Kamera ilimtia aibu, hakutaka hata kuigusa. Ukaidi ulimponza mara ya kwanza, na huzuni yake ya kujionea huruma ikamponza mara ya pili. Namlaumu kwa yote mawili, na nilimpenda.

Asubuhi moja presha ilimwangusha Yeshimebet mbele ya jiko, hakuamka tena. Mmoja akakimbilia kwa padri. Mwingine, kwa mazoea, akakimbilia studio, akamkuta Gizachew kashatangulia, amepiga magoti anapekua droo. Alichopata ni kitambulisho cha mkewe cha serikali ya mtaa, chenye picha ndogo kama kidole gumba, na mhuri wa zambarau umepita juu yake. Akaikuza. Mhuri nao ukakua.

Dada wa marehemu aliipokea mlangoni ili akaiinue. Aliitazama muda mrefu.

“Gizachew,” alisema, “umemziba mdomo.”

Waliibeba hivyo hivyo hadi kanisani, wanawake wakiiita kwa jina, na kila aliyekuwa karibu aliweza kuisoma tarehe ya mhuri juu ya midomo ya Yeshimebet. Ilikuwa ya kalenda yetu, sahihi kabisa.