Kona ya Bibi Savita

Mume wangu Ambwene ni fundi mwashi, na mke wa fundi anayepima kila kitu kwa timazi ana kazi kubwa. Mwaka tuliooana alimjengea kaka yangu choo kule Makwale. Kuta zilipofika usawa wa kifua akaona mmoja umeinama nusu kidole. Akaubomoa. Familia nzima ya kaka ilikwenda kwa jirani wiki mbili, na kaka hajaisahau habari hiyo mpaka leo.

Lakini jina lake lilitokana na mambo kama hayo. Watu wa Ipyana wanajua kwamba Ambwene akikosea husema mwenyewe kabla hujaona. Ndiyo maana walimchagua kuwa mzee wa kanisa angali kijana, na ndiyo maana Bwana Kirit alimtafuta yeye alipotaka kujenga. (Wenye nyumba nimewabadilisha majina, na mtaa sitausema. La mume wangu nimeliacha, maana Kyela hii ina akina Ambwene wa kutosha.)

Bwana Kirit ana mashine ya kukoboa mpunga mjini. Ni Mhindi wa hapahapa, na mama yake, Bibi Savita, anaongea Kinyakyusa kuliko watoto wangu. Bibi aliishi miaka arobaini na moja katika vyumba vya nyuma ya duka, akisubiri nyumba. Ni Wahindu, na watu wa dini yao hawachimbi msingi siku yoyote tu. Kuhani wao husoma kalenda akataja siku na saa. Mara ya kwanza siku ilipofika mumewe akaugua. Mara ya pili kukawa na msiba. Mara ya tatu mvua ilimwagika kuhani akakwama njiani. Mume alifia nyuma ya duka. Sasa Bibi ana miaka themanini na tatu, na daktari amesema moyo wake umechoka.

Siku ya nne ikaangukia Februari. Niliombwa nichambue mchele wa ibada, punje nzimanzima tu, isiwemo hata moja iliyovunjika. Niliketi barazani siku mbili na ungo mapajani nikinung'unika kwamba mungu gani huyu anahesabu punje. Kumbe nilikuwa nimejiingiza na mimi.

Asubuhi ile mbingu ilikuwa nzito, jua halikuonekana kabisa. Kuhani alikuwa amefika alfajiri kutoka mbali, macho mekundu kwa safari. Waliweka vifaa vya Ambwene juu ya kitambaa, mwiko, timazi, pima maji, wakavipaka rangi nyekundu kama wageni wa heshima. Waliandaa kijungu cha shaba chenye maji, majani ya mwembe na nazi juu yake, na nyoka mdogo wa fedha wa kulala chini ya ardhi aishike nyumba. Vyote vilitakiwa kuzikwa kona ya kaskazini mashariki, kisha visifukuliwe tena. Saa iliyotajwa ilikuwa na dakika thelathini na tatu tu.

Kuhani akamgeukia fundi akamuuliza kona ya kaskazini mashariki ni ipi.

Sasa sikiliza. Sisi huku hatujengi kwa dira. Nyumba zetu zinaangalia barabara basi. Kaskazini ni Tukuyu, kusini ni ziwani. Magari yanayopanda yanakwenda kaskazini na yanayoshuka yanakwenda kusini, na hakuna mtu aliyewahi kupotea kwa hesabu hiyo. Ambwene akatazama lori la ndizi lililokuwa linapanda, akanyoosha mkono bila kusita. Akachimba. Bwana Kirit akateremsha kijungu, mchele wangu ukamwagwa, maziwa yakamwagwa, udongo ukarudishwa. Kuhani akampaka Ambwene rangi kwenye paji la uso, akamfunga uzi mwekundu mkononi, akamwambia asiukate, autunze mpaka uanguke wenyewe. Mbele ya watu wote akakubali.

Bibi Savita alilia pale kwenye kiti cha plastiki. Alimshika Ambwene mkono akasema ndaga fijo, asante sana, na mume wangu alirudi nyumbani amejaa furaha.

Siku kumi baadaye ramani ikaja, imechorwa Mbeya, na mshale wa kaskazini juu yake. Chumba cha ibada kilikuwa kona ya kaskazini mashariki, juu ya kijungu. Jiko kona ya kusini mashariki. Ambwene akaitandaza kiwanjani. Siku hiyo jua lilikuwa limetoka, na lilitoka mahali pasipopaswa. Akafungua dira ya simu yake. Akadhani simu ni mbovu, akaazima nyingine. Kisha akatembea barabarani na ndipo akaona: mbele ya kiwanja kile barabara ya Tukuyu inapinda, kwa hatua mia mbili inaelekea mashariki kabla ya kurudi kupanda. Lori la ndizi lilikuwa linakwenda mashariki. Kijungu kilikuwa kimezikwa kusini mashariki, chini ya jiko.

Alirudi hakula. Nilidhani ana malaria. Aliponieleza nilicheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia hiyo dini si yake, nyoka wa fedha hajui kaskazini wala kusini, ajenge tu. Akasema nyoka anaweza asijue, lakini kuhani aliuliza na yeye akajibu.

Wiki ile aliniudhi kuliko zote za ndoa yetu. Angemwambia nani? Akimwambia Bwana Kirit, mtu mwoga wa mambo hayo kuliko mama yake, kazi ingesimama siku hiyohiyo. Angeitwa kuhani, ingesubiriwa siku nyingine baada ya mvua au mwakani, na jina la Ambwene lingekwisha mjini. Mchungaji naye asingeambiwa, kwa sababu ingebidi aeleze kwanza alikuwa anafanya nini pale amepakwa rangi kwenye paji la uso. Tayari mzee mwenzake Hezroni alikuwa ameuona uzi akauliza. Ambwene akamjibu kwamba ni kamba ya kupimia. Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza ninaoujua mimi, na alininunia mimi kwa ajili yake. Nilimpa wembe aukate uzi. Hakuupokea. Nikampa shati la mikono mirefu, na joto la Kyela unalijua.

Mitaro ya msingi ikachimbwa. Kila asubuhi Bibi Savita aliletwa, akawekewa kiti chake pale kona, akamwaga maji kidogo, akamsalimu ugonile fundi, akamuuliza kona yetu iko salama. Kila asubuhi Ambwene alijibu iko salama. Alikuwa anapungua, suruali nikaishona upya kiunoni. Zege lilikuwa limwagwe Jumatatu, na baada ya hapo ukweli usingekuwa na pa kuingilia.

Ijumaa akaamua. Aliniambia bora abomoe jina kuliko kuishi hivi, na nilimwonea fahari, ingawa sikujua tutakula nini mwezi ule. Alimsubiri Bwana Kirit aende mashineni, akapiga magoti mbele ya kiti cha Bibi akasema yote, lori, barabara, dira.

Bibi akauliza, "Kirit anajua?"

"Hajui, Bibi. Nimeanza kwako."

"Ukimwambia, atasimamisha."

"Najua."

"Baba yake alisubiri siku nzuri mpaka tukamtolea mlango wa nyuma ya duka, jeneza likasimamishwa wima ndipo likapita," Bibi akasema. "Mimi sitaki kupita mlango ule. Geuza ramani. Chumba cha ibada kije hapa juu ya kijungu, jiko liende kule. Mwambie Kirit jiko limehama kwa sababu udongo wa kona yake ni laini, wewe atakuamini."

Ambwene akamwambia kwamba alikuja kuutua mzigo. Bibi akamwambia kwamba yeye ndiye anayesali kila asubuhi, kwa hiyo mzigo mzito ni wake. Uzi wa kuhani ulikuwa umebaki nyuzi mbili, unakaribia kuanguka. Bibi akatoa mwingine kwenye pochi yake, akaufunga juu ya ule wa zamani mafundo matatu. Akamwapisha asimwambie Kirit, sasa wala baada ya yeye kufa.

Bwana Kirit aliamini habari ya udongo laini mara moja. Zaidi ya hapo alimsifu. Siku ya kuingia nyumbani aliwaambia wageni kwamba mafundi wengine wangemficha, lakini huyu husema ukweli hata ukimharibia ramani. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa pale na sahani ya vitumbua, nikatazama chini.

Bibi yuko hai. Anasali kwenye chumba chake, na akiisha hukaa barazani akitazama barabara. Kila uzi wa Ambwene unapoanza kukatika humwita, husema bomba linavuja au kigae kimeachia, na mume wangu hurudi na uzi mpya. Ameshafungwa mara tano. Nilimuuliza kwa nini asikatae, akasema Bibi humtazama kwanza, na machoni mwake anaona kwamba naye anaogopa.

Hezroni hakuacha. Wamepanga kumuuliza Ambwene katika baraza la wazee kuhusu mkono wake, na mume wangu hawezi kujibu bila kumtaja mwanamke aliyemwapisha. Nilikuwa nikimsema sana mume wangu kwa uzi ule. Jumapili iliyopita alisimama mlangoni tayari kwa ibada, akihangaika na kifungo cha mkono wa kulia kwa vidole vya kushoto. Nikaweka Biblia yangu chini, nikauvuta mkono wa shati mpaka kiganjani, nikamfungia kifungo mimi mwenyewe.