Mkono wa Kushoto wa Mkasi

Katika karakana ile ya sare za shule hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Mkasi, na mwenyewe aliitika kwa furaha, maana tangu ujana wake ndiye aliyesimama kwenye meza ya kukatia, akipanga mikono, kola na migongo ya mashati juu ya kitambaa hadi mabaki yasitoshe hata leso ya mtoto.

Siku ilipoletwa kompyuta ya kugusa, pana kama mlango, ikalazwa pale pale zilipokaa karatasi zake za vipimo, alizikusanya karatasi hizo kifuani. Msimamizi alisema kwa upole, "Mama, kupanga sasa kutafanyika humu. Ijumaa nitakuja kuona. Ikishindikana, nafasi ipo kwenye kushona vifungo."

Vifungo! Huko ndiko alikokaa wifi yake, dada wa mumewe, mwenye mdomo usio na breki.

"Karibu, wifi," alimpokea siku hiyo hiyo. "Nimekutengea kigoda."

"Kikalie mwenyewe, tena ukikalie vizuri."

Aliyemfundisha alikuwa fundi wa kompyuta, binti mwenye subira. Kidole kimoja kugusa kipande na kukiburuta. Viwili kuachana, picha inakua. Viwili kukaribiana, inapungua. Ukivizungusha, kipande nacho kinageuka. Telezesha kidole kutoka ukingoni, na madirisha yote uliyofungua yanajipanga mbele yako. Mkasi aliyashika yote kichwani, akayasema njiani kwenda nyumbani, akayafanyia mazoezi juu ya sinia.

Lakini karakanani mambo yalienda mrama. Fundi akigusa, skrini inatii kama mwana aliyelelewa. Mkasi akigusa, kola inavimba kama mto wa kulalia, mkono wa shati unapinduka miguu juu. Fundi akasema labda ni sugu za vidoleni, akampaka losheni. Wapi! Akapangusa kioo, akazima, akawasha. Alhamisi mchana naye akaanza kujikuna kichwa, akatoka nje kumpigia simu mwenzake.

Wifi akapita na boksi lake la vifungo.

"Hebu panga nikuone."

Mkasi alivuta pumzi, akalaza kiganja cha kushoto juu ya kioo, kisha akanyoosha kidole cha kulia. Kola ikavimba.

"Wifi," aliita mwenye vifungo, macho kwenye kiganja kile.

"Nini tena?"

"Hicho ulichokikandamiza, kitakimbilia wapi?"

Mkasi aliutazama mkono wake wa kushoto kama mgeni aliyeingia bila hodi. Tangu alipofundishwa kukata, mkono ule ulitangulia mezani kushikilia kitambaa kisiteleze. Haukuwahi kungoja kuambiwa. Yeye na fundi walikuwa wakikitazama kidole cha kulia tu, na kumbe kioo kilikuwa kikihisi mikono yote miwili, kikidhani anakuza, kikidhani anageuza.

"Ulete huku," wifi alisema, akaukamata mkono ule kwa mikono yake miwili. "Kaka yangu akituona hivi atasema nimekuposa."

"Atuone tu, nipumzike kumpikia."

Kwa kidole kimoja Mkasi aliiburuta kola. Ikaenda taratibu, ikakaa ilipotakiwa. Wakatazamana, wakacheka mpaka fundi akarudi mbio kuona kimeharibika nini.

Ijumaa, Mkasi aliupa mkono wa kushoto kipande cha chaki, akauficha kwenye mfuko wa aproni. Msimamizi akasimama nyuma yake. Migongo ikapangwa, mikono ikalala ubavuni. Alipopunguza picha akaona pengo jembamba kando ya kola. Akaikuza, akaweka vidole viwili juu ya mfuko mdogo wa shati, akauzungusha polepole kama anayefungua kifuniko cha mtungi. Ukaingia pengoni. Kwenye aproni mkono wa kushoto ulimwasha ukitaka kutoka. Akaikaba chaki.

"Mbona hakibaki kitu?" msimamizi aliuliza.

"Kwani zamani kilikuwa kinabaki?"

Msimamizi akacheka. "Basi kaa hapo hapo, mama."

"Na kigoda changu nimpe nani?" ikasikika sauti kutoka kwenye vifungo.

Mkasi alipotoa mkono mfukoni, chaki ilikuwa imekuwa unga. Akajipangusa, akaenda meza ya pili, ya kukatia, kilipotandazwa kitambaa chenyewe, akaulaza mkono wa kushoto juu yake, akauacha ukandamize upendavyo.