Hita ya Samaki wa Bouke

Bouke Terpstra, dereva mstaafu wa basi mjini Leeuwarden, alifuga samaki wadogo wa bluu aliowazalisha mwenyewe kwa miaka mingi. Hapakuwa na mtu mwingine mwenye aina ile. Hita iliyopasha maji yao joto iliendeshwa na kompyuta yake ya nyumbani.

Wiebren, rafiki yake wa klabu ya kompyuta, alimcheka. "Bouke, mashine yako inaamka kwa kujikongoja kama wewe! Weka mfumo mpya wa kuwashia programu."

Akauweka. Akaiamuru programu ya hita iwake, ikawaka, akaridhika.

Januari, wakati wa baridi kali, alikwenda kwa binti yake. Huku nyuma umeme ulikatika, ukarudi. Kompyuta iliamka yenyewe, lakini hita haikuwaka. Aliporudi alikuta samaki wote wanaelea, wamekufa.

Wiebren alikuja, akachungulia skrini. "Bwana we, uliiwasha mara moja tu. Mfumo huu lazima uuambie pia uiwashe programu kila kompyuta inapoamka."

"Ule wa zamani haukuhitaji kuambiwa."

"Nilidhani unajua."

Bouke aliandika amri iliyokosekana, akaizima kompyuta na kuiwasha tena. Hita ikawaka, na maji yasiyo na samaki yakaanza kupata joto.